Masikio ya Kinyozi

Mama aliunguza kidole Jumanne asubuhi na hakujua mpaka alipokiona. Alikuwa kwenye meza yake ya pasi, pale kwa dobi alikofanya kazi mwaka wa kumi na moja sasa, ananyoosha kola ya shati jeupe. Akatupa jicho chini, akaona ncha ya kidole cha mkono wa kushoto imetulia ubavuni mwa pasi kama mgeni aliyekaribishwa. Akakiondoa. Ngozi ilikuwa imeshabadilika rangi.

Mwenzake wa meza ya pili, yule wa mapazia, aliacha kazi akamkodolea macho.

"We mama, hivi huumii?"

"Naumia," alisema Mama.

Alisema uongo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa uongo, alimwomba Mungu msamaha palepale, kimoyomoyo, huku akigeuza shati upande wa pili. Hakuumia hata kidogo. Alikitazama kile kidole kama kidole cha mtu mwingine.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike mumewe. Msibani hakulia. Watu walimsifu sana. "Yule mama ana imani," walisema, na imani kweli alikuwa nayo. Sala ya alfajiri haikumpita, ya jioni haikumpita, na neno baya halikutoka kinywani mwake. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba kutolia kwake hakukutoka kwenye imani. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Chakula alikila kwa sababu ni saa ya chakula. Mvua ikinyesha alianua nguo. Mtu akichekesha, alisubiri wenzake waanze kucheka ndipo naye acheke, asije akaonekana wa ajabu.

Siku hiyo, hata hivyo, hakuwa akiwaza kidole wala ganzi. Aliwaza Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku waliyopewa hospitali, yeye na binti yake wa pekee, ili daktari ayatazame masikio ya binti na kusema kama yanafaa kufanyiwa operesheni ya kuyarudisha nyuma.

Tuyaseme hayo masikio, maana ndiyo yenye kisa. Yalikuwa masikio mazuri, mepesi, laini, yanayosikia mpaka panya akikuna kichwa. Lakini yalisimama mbali na kichwa kama milango ya kabati iliyosahauliwa wazi. Jua likiwa nyuma ya binti, yalipitisha mwanga. Hakuyaokota njiani. Aliyapata kwa baba yake, na baba yake aliyapata kwa mama yake, na shangazi yake alikuwa nayo hayohayo mpaka leo.

Baba alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa karibu na kituo cha mabasi, kioo kimoja, kiti kimoja, na benchi la wanaosubiri na wasiosubiri. Wateja walimtania kila siku ya Mungu, naye alikuwa na jibu lake moja ambalo halikuchuja. "Haya ni vishikio," alisema. "Mungu aliona nitateleza, akaniwekea pa kunishikia." Na katika kunyoa kwake alikuwa na desturi ambayo wateja walimfuata kwa ajili yake kutoka mitaa ya mbali. Akifika kwenye sikio hakulivuta kama vinyozi wengine. Alilikunja kwa dole gumba, taratibu, kama mtu anayefunua ukurasa. Akanyoa nyuma yake, akapapasa pale kwa pamba yenye spiriti, kisha akaliachia lirudi lenyewe. Alikuwa akisema hajawahi kuona mtu mwenye masikio mawili yanayolingana, na kwamba anayejiona yake yanalingana aje akalie kiti.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi alimnyoa binti yake. Nywele fupi, safi, masikio nje. Baba na mtoto walisimama mbele ya kile kioo kimoja, masikio manne, wakavunja watu mbavu.

Alipofariki, Mama alichukua vifaa vyake vyote akavifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nywele za binti akaziacha ziote. Zilipofika pa kusukwa, alizisuka yeye mwenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, mistari inayoanzia utosini na kuangukia pembeni kama pazia. Alisuka vizuri. Hakuna aliyeuliza kwa nini kila wiki mtindo ni uleule.

Na mezani alihamisha kiti chake. Zamani alikaa ubavuni mwa binti; sasa akawa anakaa kule mwisho, karibu na jiko, eti ili afikie sufuria. Binti akizifunga nywele nyuma kwa ajili ya kuosha vyombo, Mama alikumbuka shughuli uani. "Shusha nywele, mwanangu," alisema akirudi, akiwa ameinamisha macho. "Utapata baridi."

Kisha siku moja, akipita nyuma ya uzio wa shule, alisikia watoto wakiita, "Antena! We Antena, njoo!" Akachungulia, akamwona binti yake akigeuka. Mama alisimama pale na kikapu chake. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alipata neno la kushika. Mtoto anachekwa. Mtoto ana masikio makubwa na anachekwa, na mama mwenye akili hafumbii macho jambo kama hilo.

Mwenzake wa mapazia ndiye aliyemweleza kwamba kuna daktari anayerekebisha masikio. Mama akaulizia, akapewa siku, akamwambia binti wakiwa wanakunja nguo.

Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alishika pembe mbili za shuka, Mama akashika pembe mbili. Walikutana katikati, wakakabidhiana pembe.

"Sawa, Mama," alisema binti.

Hakuuliza itauma kiasi gani. Mama aliichukua hiyo sawa akaiweka pamoja na mambo yaliyokwisha.

Jumatano alasiri shangazi mtu alifika. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpana, mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa matembezini. Aliingia bila kubisha, akavua viatu, akakaa kwenye kiti ambacho zamani kilikuwa cha Mama.

"Wifi, nimesikia mnarudisha mali," alisema.

"Mali gani, wifi?"

"Hii." Akayashika masikio yake mwenyewe kwa mikono miwili. "Tulipewa bure na mama yetu, hatujawahi kuombwa risiti. Sasa nasikia nyinyi mnataka kuyapunguza kama gauni."

Binti, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alitabasamu kwenye sufuria. Mama hakuliona tabasamu. Nywele zilikuwa zimeshuka.

"Mtoto anachekwa, wifi."

"Nani hajachekwa? Mimi kwenye foleni ya maji walikuwa wananiambia nitembee kwa upole, upepo utanibeba. Nikaolewa nayo haya. Mume wangu mpaka leo akitaka kuninong'oneza hapati shida kutafuta pa kuingilia."

"Wewe ulikuwa na mdomo wa kujibu."

"Na huyu hana? Amerithi masikio ya kwetu akaacha mdomo?" Shangazi aligeuka. "Hebu sema, we mtoto. Unataka kukatwa?"

Binti aliendelea kumenya. Ganda refu lilizunguka kiazi bila kukatika.

"Mama anajua," alisema.

Shangazi alimtazama binti, akamtazama Mama, kisha akachezeachezea ile futi shingoni. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Wifi yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sikatazi. Kama mtoto analia kwa ajili ya masikio, mpeleke, nami nitakuja kumuuguza. Ila nilimwangalia kaka yangu siku ya mwisho, akiwa amelala pale. Uso ulikuwa umebadilika wote. Nilimjua kwa masikio. Hilo tu ndilo nililokuja kusema."

Mama alisikia maneno hayo vizuri, moja moja, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alisema, "Asante, wifi," akaenda kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Alhamisi walikaa kwenye benchi refu la korido yenye vigae vya rangi ya maziwa. Mbele yao alikaa mwanamume mmoja, dereva wa lori kwa maelezo yake mwenyewe, kichwani amevaa mkanda mpana wa kitambaa uliofunika masikio yote mawili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Wiki ya tatu leo," alimwambia Mama bila kuulizwa. "Wiki ya kwanza ni bandeji kichwa kizima, unakuwa kama yai. Kisha mkanda huu wa kulalia, ili usije ukageuka ukalipinda sikio. Mimi nauvaa hata mchana, naupenda."

"Ulikuwa unachekwa?" Mama aliuliza.

"Watu waliacha kunicheka tangu nioe. Ni mimi, mama yangu. Tangu darasa la tatu sijawahi kukaa kwa kinyozi nikainua macho kwenye kioo. Miaka ishirini na tano natazama mapaja yangu. Nikasema, hapana, kabla sijazeeka nataka nijione nikinyolewa." Akacheka. "Mke wangu hakutaka. Alisema nitakuwa mwanamume mwingine. Nimekuwa yuleyule, gesi ikiisha nafokewa vilevile."

Binti alicheka. Mama alisubiri kidogo, naye akacheka.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sauti ya kumfanya mtu asogee karibu. Alimkalisha binti kwenye kiti cha kuzunguka, akaomba ruhusa, akazishika zile nywele na kuziinua. Mama akakuta ukutani kalenda, akaisoma.

Daktari alipima. Alilisukuma sikio nyuma kwa vidole viwili, akaliachia, akalikunja, akaliachia. Alieleza kazi yake bila haraka. Ndani ya sikio kuna gegedu, kitu kigumu kidogo kama plastiki laini. Hukatwa ngozi nyuma, pasipoonekana, gegedu ikakunjwa upya na kushikizwa kwa nyuzi. Watu wazima hupigwa sindano ya ganzi wakabaki macho, watoto hulazwa usingizi. Kabla ya miaka mitano au sita hafanyi, kwa sababu sikio bado linakua. Mwenye kidonda au maradhi ya sikio hamfanyii mpaka apone. Na hayatoki mawili yaliyolingana kabisa. Anayetaka yalingane kabisa humrudisha nyumbani.

"Haya ni masikio ya kufaa," alisema. "Makubwa, laini, yana afya. Kazi ya saa mbili." Akavaa miwani. "Sasa nina utaratibu wangu. Kila anayeingia hapa na mwenzake, nawapa karatasi. Andikeni nani anayelitaka jambo hili, na kwa nini. Mstari mmoja unatosha. Msichunguliane."

Akampa Mama karatasi na kalamu, akampa binti vilevile. Mama aliishia darasa la saba, na tangu hapo alichoandika zaidi ni namba za nguo. Aliibana karatasi kwa kile kidole kilichoungua, akaandika herufi moja moja, zikasimama mbalimbali kama watu wasiojuana: *Ni mtoto. Wanamcheka.* Alipoinua macho, binti alikuwa bado anaandika, ulimi pembeni mwa mdomo.

Daktari alizisoma zote mbili. Alizisoma tena. Kisha akamgeukia binti.

"Nina ruhusa ya kusoma hii kwa sauti?"

Binti aliangalia magoti yake. "Soma tu."

"*Ni Mama. Mimi sina shida nayo. Ila Mama haniangalii tangu Baba afe. Nikikatwa ataniangalia.*"

Kulikuwa na feni juu, ikizunguka polepole. Mama aliisikiliza.

"Si kweli," alisema. "Wanamcheka. Nimewasikia kwa masikio yangu, wanamwita Antena."

"Ndiyo wananiita," alisema binti. "Nilianza mimi. Baba alisema yeye ni Antena Kuu na mimi ni ya tawini. Nikawaambia rafiki zangu, nao wakaacha kuniita jina langu." Akafikiri kidogo. "Wakiniita hivyo napenda."

Daktari alivua miwani. Alimtazama Mama kwa upole ambao Mama hakujua auweke wapi.

"Nywele hizi amesuka nani, mama?"

"Mimi."

"Kila mara hivi?"

"Kila Jumapili."

Akiwa anajibu, Mama alijisikia akijibu. Aliziona Jumapili zote zile zimepangana kama mashuka kabatini, moja juu ya nyingine, na katika kila moja mikono yake inashusha pazia. Alikuwa amekaa nyuma ya mtoto huyu Jumapili tisini na kitu, kichwa kikiwa mapajani mwake, na hakumbuki hata mara moja kuyaona masikio. Aliyapita kwa vidole. Alitafuta uchungu wa jambo hilo ndani yake ili aushike, akakuta mahali peupe tu.

"Mimi siwezi kumfanyia," alisema daktari. "Masikio yanafaa. Yeye mwenyewe ndiye bado hafai. Anayefaa ni mwenye kuja na shida yake. Huyu amekuja na shida ya mwingine, na mimi siwezi kukata kwake nikaponya kwako."

"Kwa hiyo umekataa."

"Kwa leo nimekataa. Akifika miaka kumi na minane, akaja kwa miguu yake mwenyewe akasema anataka, nitampokea bila kumuuliza mara mbili." Akazikunja zile karatasi. Ya Mama akaiweka kwenye faili. Ya binti akamrudishia Mama mkononi.

Mama akasema asante. Walirudi nyumbani, binti mbele, Mama nyuma, naye aliutazama mgongo wa mtoto njia nzima, mkoba wa shule, ncha za misuko. Alijaribu kupandisha macho. Yalifika mabegani yakagoma.

Ijumaa alikwenda kazini, akapiga pasi, hakuunguza kitu. Baada ya sala ya jioni alibaki amepiga magoti kuliko kawaida. Aliitoa ile karatasi ya binti, akaiweka sakafuni mbele yake kama mtu anayemwonyesha fundi kitu kilichoharibika, akakaa nayo hivyo mpaka magoti yakachoka.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda uani, aliburuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Binti alisikia mburuzo akaja mlangoni, ndoo mkononi.

"Leo mwisho wa mwezi," alisema Mama. "Ukitaka. Nisije tena nikakuamulia."

Binti aliiweka ndoo chini. "Unajua kunyoa, Mama?"

"Nilimwona akinyoa miaka kumi na sita. Nikikuharibu utaenda shule na kofia."

"Kofia haiingii," alisema binti. "Vishikio vinazuia."

Mama hakumsubiri mtu. Kitu kama kicheko kilimpita puani, kidogo, kikatoka kabla hajakijua.

Alimkalisha kwenye kigoda uani, akafumua misuko mmoja mmoja, nywele zikasimama. Mkasi ulikuwa bado mkali, umefungwa kwenye kitambaa chake cha mafuta. Alikata kuanzia utosini, akishuka, akipuliza. Nywele zilianguka mabegani, zikaanguka kwenye kanga aliyomfunga. Alikwenda polepole sana. Alizunguka kisogoni, akarudi utosini pasipohitaji kukatwa, akazunguka tena, mpaka pakawa hapana pengine pa kwenda.

Likabaki sikio.

Lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, limesimama, jua nyuma yake, lina rangi ya chungwa lililoiva, na mishipa midogo ikionekana ndani kama ya jani. Mama alisimama na mkasi. Binti hakugeuka. Alikaa tuli, shingo imenyooka, kama mteja mzuri.

Mama aliweka dole gumba, akalikunja taratibu. Lilikuwa la moto. Nyuma yake, pale kwenye mkunjo, palikuwa na kidoti cheusi kidogo, na hakujua kama mtoto alizaliwa nacho au kimeota mwaka huu. Cha mumewe alikijua. Kilikuwa upande wa kulia. Hiki kilikuwa kushoto. Akakitazama mpaka akatosheka nacho. Akakata nywele zilizobaki, akachovya pamba kwenye spiriti, akapapasa.

Spiriti ikateremka kwenye kidole kile kilichoungua Jumanne, ikaingia kwenye kidonda.

"Ah," alisema Mama.

"Nini?"

"Kidole. Kinauma."

Binti akageuza kichwa, na uso wake ukawa pale, karibu, na masikio yote mawili nje, na Mama akiwa ameshika mkono wake ulioungua kwa mkono mwingine, akimtazama.

"Kinauma sana?"

"Kinauma," alisema Mama. Akavuta pumzi. "Tulia. Bado la pili."